Hela za usaili zinaingia kwenye lipa namba yangu, niendelee au nitoke?

Shikamoo Anti. Naomba usitoe jina langu wala la kikundi chetu, mana Arusha ni ndogo na watu wa sanaa tunajuana wote. Mi ni dada wa miaka 29, kwetu ni Moshi ila naishi Arusha pande za Kijenge, nina kibanda cha uwakala wa kutuma na kutoa pesa, pembeni nauza vocha na makava ya simu. Sanaa naipenda toka niko shule na nimeshaigiza igiza vitu vidogo, mama wa bwana harusi, jirani mmbea, vitu kama hivyo (miaka yangu hii ila kila siku napewa umama, haya). Kazi yangu kubwa kwenye kikundi ni kushika hela na kuhangaika na maandalizi, chakula, usafiri, nguo za kuvaa, nani kachelewa nani anaumwa.

Kikundi kinaongozwa na kaka mmoja, sio ndugu yangu wa damu ila namuita Kaka na namheshimu hivyo hivyo. Yeye ndo dairekta, yeye ndo anaandika skripti, kamera inakodiwa kwa jina lake, na ndo mtu alienipokea nilivyokuja mjini sina mbele wala nyuma, akaniunganisha na watu mpaka nikapata mtaji wa kibanda. Kwahiyo Anti ninapoandika haya usidhani nina chuki nae, sina kabisa.

Mwaka jana tulitengeneza tamthilia ya kuweka YouTube. Hela hakuna, sponsa alietuahidi akaingia mitini. Kaka akasema tuitishe usaili, kila anaekuja achukue fomu kwa elfu kumi. Tangazo likarushwa Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp, chini ikawekwa lipa namba, na hiyo lipa namba ni ya kwangu mimi ya kibandani, inatoka jina la biashara yangu, kwasababu kikundi hakina akaunti na Kaka alisema tukiweka namba yake binafsi watu watahisi utapeli.

Wakaja watu 140 waliolipa. Sikutegemea. Wengine walitoka Usa River na Tengeru, wengine Moshi, kuna waliolala kwa ndugu jana yake ili wawahi foleni. Ikapatikana milioni moja na laki nne. Ukumbi ulikuwa laki na nusu, spika na maji na chakula cha majaji laki moja, ilobaki yote ikaenda kukodi kamera na taa na mafuta ya gari siku za kushuti. Mi sijala hata mia, na Kaka kwa ninavyojua nae hajala.

Sasa kinachonikosesha raha. Wahusika wenye maneno ya kusema walikuwa tisa. Wawili wakubwa walishapangwa kabla hata tangazo halijatoka, mmoja ni binti mwenye wafuasi wengi mtandaoni na mwingine rafiki yake Kaka. Watatu ni sisi wa ndani ya kikundi. Zikabaki nafasi nne, ndo hizo watu 140 walikuwa wanagombania na hakuna aliewaambia. Mwanzoni kila mtu alipewa kama dakika mbili, ilivyofika jioni wa mwisho wakawa wanaingizwa watano watano, kila mmoja anasema sentensi moja anaambiwa asante tutakupigia.

Mi nilikuwa mezani mlangoni naandikisha. Kuna kijana mmoja alikuwa na elfu saba kwenye simu, elfu tatu akaitoa kwenye mfuko wa rambo zote sarafu, mia mbili mia mbili na mia tano, tukazihesabu wote mbili mbili pale mezani foleni ya nyuma inanung'unika. Alivyomaliza akaomba risiti. Vitabu vya risiti hatukuwa navyo basi nikachana karatasi ya daftari nikamwandikia nikapiga muhuri wa kibanda changu, na wa nyuma yake alivyoona nae akataka, mpaka jioni nimeandika nyingi tu. Alafu kuna binti mwingine hakuwa na hela kabisa, mpiga kamera akaja akasema huyo muache apite ntamalizana nae mwenyewe. Nikaandika BURE kwenye daftari nikaendelea na mwingine.

Majuzi nikapigiwa simu na mama mmoja wa Majengo, Moshi. Binti yake alikuja usaili, akalipa, akaingizwa kwenye yale makundi ya jioni, hakupigiwa tena. Huyo mama hakunitukana Anti, afadhali angetukana. Kaongea taratibu tu, "mwanangu nimeona hii karatasi ina muhuri wako, nilitaka kujua mtoto alikosa nini ili mwakani ajiandae." Nikamwambia ntamrudia. Sijamrudia.

Na sasa Kaka anataka msimu wa pili. Usaili ufanyike Arusha na Moshi, fomu elfu kumi na tano, lipa namba ile ile ya kwangu, na mimi niende Moshi nikakae mezani. Nilivyomwambia tupunguze au tuache kutoza akanijibu kwamba hela inachuja wasio siriasi, kwamba vyuo navyo vinauza fomu na hakuna anaelalamika, kwamba hata Marekani waigizaji wanalipia ili waonekane, na kwamba tusipotoza hamna tamthilia alafu watu wote wanaopata riziki kupitia kikundi wakae nyumbani. Akamalizia "umepata kibanda umeanza kujiona tajiri." Iliniuma.

Mume wangu anasema toka kesho, ila yeye sanaa hajawahi kuipenda kwahiyo simsikilizi sana.

Naomba unisaidie Anti. Kutoza watu hela ya usaili ni kosa au ndo mambo ya kawaida nimekuwa na roho nyepesi tu? Na nikikataa kutoa namba yangu si ntaonekana msaliti kwa mtu alienishika mkono?

Mimi Dada wa Kijenge


ANTI ANAJIBU

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma jioni nikairudia asubuhi, na huyo mama wa Majengo nimebaki nae kichwani kama wewe ulivyobaki nae.

Nikikusikia vizuri, umeletewa mambo matatu yakafungwa fundo moja. Kuna hela yenyewe ya fomu, kuna jina lako ambalo ndo linaonekana kwenye simu ya kila aliyelipa, na kuna fadhila za Kaka ambazo unaona ukivuta uzi wowote zitakatika. Ukiniuliza ni lipi linakuuma zaidi ntakuambia ni la nne ambalo umelipitia haraka haraka katikati ya barua, ila tutalifikia, tuanze na hela mana ndo ulichouliza.

Chukua daftari lako tufanye hesabu. Usaili wenyewe, ukumbi na spika na chakula, uligharimu laki mbili na nusu. Gawanya kwa watu 140, haifiki elfu mbili kwa kichwa. Nyie mlichukua elfu kumi. Ile elfu nane na zaidi iliyobaki kwa kila mtu haikuwa hela ya usaili, ilikuwa mtaji wa tamthilia. Na ukitoa wale wanne waliopata nafasi, mtaji huo umetoka kwa watu 136 ambao hawamo kwenye tamthilia, majina yao hayapo mwishoni, na ikitokea siku YouTube ikalipa hakuna atakaewakumbuka. Yani walioikosa kazi ndio walioigharamia. Sisemi Kaka alikaa akapanga iwe hivyo, mtu mwenye shida ya hela huwa anaona mlango ulio wazi anaingia, lakini nadhani hapa ndipo roho yako inapokataa na umeshindwa tu kulitaja kwa jina, ndo mana unajiuliza kama una roho nyepesi.

Mtu anaejenga nyumba hawaambii mafundi wamlipe kwanza ili aangalie mikono yao. Anayetafuta ndiye anaegharamia kutafuta. Muigizaji anayekuja kwenu anakuja kuwafanyia kazi, na nyie ndo mnamhitaji hata kama foleni inaonyesha kinyume chake. Hapo ndipo fomu ya chuo inapotofautiana, mtu akiomba kusoma pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, yeye ndiye anaetaka huduma, akichaguliwa anafundishwa anatoka na cheti. Na hata hiyo ya vyuo sio kweli kwamba hakuna anaelalamika. Uingereza vyuo vya uigizaji vilikuwa vinatoza ada ya usaili, na mwaka 2017 uchunguzi wa wabunge wa chama cha Labour ukapendekeza ada hizo ziachwe kwasababu zinawafungia nje watoto wa wasio nacho.

La Marekani Kaka yuko sahihi nusu. Kule ipo mikutano mikubwa ambayo muigizaji analipia kujiandikisha mara moja alafu anaonekana na makampuni mengi ya jukwaani kwa mkupuo, na wengi wanaona hela yao imefanya kazi. Ila jimbo la California, kwenye Hollywood yenyewe, lina sheria ilioanza kutumika Januari 2010 inayokataza kumtoza mtu hela ili apewe usaili au nafasi ya kazi. Wajanja wakabadilisha jina, wakaita warsha, unalipia darasa na mwalimu wa darasa ni mtu wa kukasti, yani anaechagua waigizaji, ndo anaekuona, na mwaka 2017 mwanasheria wa jiji la Los Angeles akawafungulia mashtaka wenye warsha hizo na baadhi ya hao watu wa kukasti. Kwahiyo ukisikia "hata Marekani wanatoza" jua na hao waliopelekwa mahakamani wamo humo humo.

Na sio Marekani tu. Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba namba 181 wa mwaka 1997 unaosema wakala binafsi wa ajira asimtoze mtafuta kazi ada, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Hapa kwetu tuna sheria ya huduma za ajira ya mwaka 1999 na kanuni zake za 2014, na msimamo ni huo huo, gharama zibebwe na anaetafuta mfanyakazi. Hayo yameandikwa kwa ajili ya mawakala wa ajira na nyie ni kikundi cha wasanii, kwahiyo usiende kumpigia Kaka makelele kwamba amevunja sheria ya ajira. Nakuonyesha tu kwamba unachojisikia walishakifikiria watu wengi kabla yako wakakiandika.

Hilo la kuchuja wasio siriasi, hebu mrudie yule kijana wa sarafu. Kuna mtu siriasi kuliko yeye siku ile? Na ni elfu kumi tu ilikuwa karibu imchuje. Hela inachuja wasio na hela basi. Mkitaka kuchuja, wapeni ukurasa mmoja wa skripti wiki moja kabla wakaukariri, asie siriasi hatoukariri na mtamjua sekunde ya kumi.

Ila nataka nikuulize na wewe kitu, usinichukulie vibaya. Umeandika barua yote ukiuliza kuhusu kutoza. Je, mngetoza elfu mbili, au msingetoza kabisa, alafu nafasi mbili kubwa zikawa zimeshatolewa na tatu ni za kwenu na watu hawajui, ungelala vizuri? Mi nina wasiwasi ungeandika barua hii hii. Hilo ndo la nne nililolisema. Kuwa na nafasi zilizopangwa sio dhambi, dunia nzima dairekta ana watu wake na binti mwenye wafuasi analeta watazamaji, hiyo ni biashara. Kinachobadilisha mambo ni kumuuzia mtu fomu huku hajui anagombania nini. Mtu akiambiwa "nafasi zilizo wazi ni nne, ndogo, na fomu ni elfu kumi" akalipa, hayo ni maamuzi yake ya mtu mzima. Akifichwa alafu akalipa, hapo hata polisi wana kifungu chao, Kanuni ya Adhabu inazungumzia kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Sikutishi mdogo wangu. Ila ikitokea mmoja kati ya wale akaenda kituoni, karatasi atakayoitoa mfukoni ina muhuri wa nani? Na Kaka alivyosema namba yake mwenyewe itahisiwa utapeli, ulijiuliza kwanini yako isihisiwe? Kwasababu wateja wa Kijenge wanakuamini. Uaminifu huo ndo ulioazimwa, na kama mfanyabiashara unajua imechukua muda gani kuujenga.

Sasa yule binti wa BURE. Umeandika sentensi mbili tu kuhusu yeye na mimi nimekaa nazo muda mrefu. Inawezekana mpiga kamera ni mtu wa huruma, alimuona mtoto wa watu kakwama akamlipia, wapo watu hivyo. Inawezekana pia "ntamalizana nae mwenyewe" ina maana ile ambayo mimi na wewe kama wanawake tunaijua. Mlango ukishawekewa bei, asiye na bei anaonyeshwa dirisha, na mabinti ndo wanaoonyeshwa zaidi. Rushwa ya ngono ni kosa kwa jina lake kabisa kwenye sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. Wewe una daftari, una jina la huyo binti, pengine na namba yake. Kumpigia kumuuliza tu "mdogo wangu ulifikaje nyumbani siku ile, kuna mtu anakusumbua?" haigharimu kitu na humshtaki mtu yeyote. Akikuambia yuko salama, vizuri. Akikuambia mengine, usimlazimishe afanye chochote, mwambie namba ya bure ya TAKUKURU ni 113 na dawati la jinsia polisi lipo, na kwamba akitaka utaenda nae. Hilo mimi nisingelisubirisha mpaka msimu wa pili.

Turudi kwa Kaka. Anasema bila fomu hakuna tamthilia. Inawezekana ni kweli kwa bajeti aliyonayo kichwani, lakini hiyo bajeti imeshafunguliwa ikaangaliwa na mtu? Kukodi kamera na taa kwa siku zote zile, hakuna anaeweza kukubali kulipwa baadae kwa makubaliano ya maandishi? Pengine msimu wa pili uwe na vipande vichache. Kwenye halmashauri kuna ile mikopo ya asilimia 10 isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na upo Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania unaokopesha wasanii. Hatari yake usiifiche, mkopo unarudishwa hata kama watazamaji hawakuja, wanataka kikundi kilichosajiliwa na akaunti ya benki, na nyie hata akaunti hamna. Lakini sikiliza, hilo la akaunti na usajili mtalihitaji tu, mkopo upatikane usipatikane. Afisa utamaduni wa halmashauri yenu atawaelekeza habari za BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na Bodi ya Filamu, ndo kazi yake.

Njia nyingine ni kutoza ila kwa uwazi: mnatoza gharama ya usaili tu, tangazo linataja nafasi zilizo wazi ni ngapi, kuna kitabu cha risiti cha kikundi, asiepewa dakika zake anarudishiwa hela siku hiyo hiyo. Ni afadhali kubwa kuliko mwaka jana. Ubaya wake elfu mbili ikizoeleka itaota miguu iwe tano, na Kaka atasema mbona hiyo hainunui hata taa, na atakuwa anasema kweli.

Mnaweza pia kuchuja kwa video fupi za WhatsApp, mtu anajirekodi kwao, mnawaita watu ishirini tu waje ukumbini bure. Inaokoa nauli ya mtu wa Moshi na laki na nusu ya ukumbi inapungua. Ila kuna vijana wazuri sana hawana simu nzuri wala bando, na kuna hili la video za mabinti kubaki kwenye simu za watu na kuzunguka magrupuni, lazima mjue nani anazipokea na zinafutwa lini. Kwa niliyoyasema juu, isiwe simu ya mpiga kamera.

Na kama Kaka ni mwalimu mzuri, na kwa jinsi ulivyomuelezea inaonekana anaweza, basi afundishe. Siku mbili za kufundisha kuigiza mbele ya kamera, watu walipie darasa, na darasa liwe darasa kweli, wakitoka wanajua kitu. Hapo mtu hata akikosa nafasi kuna alichobeba. Lakini usaili uwe siku nyingine, wazi kwa asiesoma darasa pia, la sivyo mtakuwa mmehamisha kitu kile kile mkakibandika jina kama wale wa Los Angeles.

Kuhusu wewe kubaki au kutoka. Mumeo anasema toka, na kuna ukweli ndani yake hata kama haipendi sanaa (usimdharau sana, kibanda kikifungwa atakaeumia ni nyie wawili). Ukitoka jina lako linapumzika. Ila fikiria na upande wa pili, wewe ndo mtu pekee pale mlangoni alieandika risiti bila kuambiwa na kikundi. Ukiondoka, mezani Moshi atakaa mwingine, na anaweza asiwe na daftari kabisa. Kubaki bila kutoa namba yako ni njia ya katikati, unaendelea na chakula na nguo na umama wako wa kwenye skripti, hela zinashikwa na kikundi chenyewe kwa akaunti yake. Hatari ya hapo ni kwamba Kaka anaweza kuona umemnyima kitu pale alipokihitaji sana, na maneno ya utajiri yakarudi. Kipi kina uzito zaidi kwako mi siwezi kukupimia kutoka huku, wewe ndo unamjua huyo mtu na unajua unaweza kuvumilia nini.

Neno la utajiri lilikuuma kwasababu liligusa fadhila. Alikushika mkono, ni kweli, na itabaki kuwa kweli hata siku mkikosana. Lakini hebu jiulize kama Kaka mwenyewe alikushika mkono ili siku moja umlipe kwa jina lako, au ni wewe unaedhani hivyo. Watu wengi waliotusaidia hawajui kabisa kwamba tunatembea na deni lao mgongoni. Mtafute peke yake, sio kwenye kikao cha kikundi ambako itabidi ajitetee mbele za watu. Nenda na daftari. Mwonyeshe ile laki mbili na nusu na ile milioni moja na laki moja na nusu, nyamaza kidogo aiangalie. Unaweza kumwambia hivi, "Kaka mi nipo na wewe, kazi naitaka, ila watu wanapiga simu kwangu na sina cha kuwajibu, nisaidie niwajibu nini." Hiyo inamleta upande wako badala ya kumweka kizimbani. Akija juu muache apoe, wewe usipande. Kama kuna mzee au dada mkubwa mnaemuheshimu wote wawili, sio vibaya akajua kwamba mnaongea.

Mama wa Majengo mpigie kabla ya yote hayo, hili halihitaji ruhusa ya mtu. Aliuliza mtoto alikosa nini, na jibu la kweli ni kwamba pengine hakukosa kitu, aliingizwa na wenzake wanne akapewa sentensi moja. Mwambie hivyo. Anaweza kukasirika, anaweza kudai hela yake, na ukiamua kumrudishia elfu kumi ujue wapo wengine wenye karatasi kama ile na mmoja akisikia wote watasikia, kwahiyo hilo la kurudisha liongee na Kaka kwanza, ila jibu usimnyime. Huyo binti yawezekana mpaka leo anaamini hajui kuigiza.

Na hayo mazungumzo na Kaka yawe kabla tangazo la Moshi halijatoka, mana hela ikishaanza kuingia hata kuirudisha kuna makato, na makato yenyewe yatatoka kibandani kwako.